Jicho la Mtazamaji katika Ushairi wa Kiswahili

Tunapofundisha tungo za mapenzi, aghalabu tunawataka wanafunzi wataje tamathali za usemi, basi. Swali la nani anatazama na nani anatazamwa huachwa kando. Tuanze na Utumbuizo wa Mwana Manga, unaonasibishwa na Fumo Liyongo. Humo mwanamke anasifiwa kiungo baada ya kiungo, kama bidhaa inayokaguliwa. Usanii ni mkubwa, hatukatai. Hata hivyo, anayeamua kipi kisifiwe ni mwanamume. Wanafunzi wetu wa hapa Musaga hawashangai: katika Kirundi pia msichana husifiwa kwa macho ya ndama, na hakuna amwulizaye ndama.

Jambo zito zaidi tunalikuta katika utendi wa Mwana Kupona binti Msham, uliotungwa mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima. Hapa mtunzi ni mwanamke, tena mgonjwa, mjane wa mtawala wa Siyu. Anamfunza binti ajipambe na kujifukiza kwa ajili ya mume, lakini akitoka nje ajifunike na ainamishe macho. Kwa maneno mengine, binti anafundishwa kujiona kwa jicho la mtazamaji, na jicho lake mwenyewe linatakiwa lishuke chini. Werner na Hichens walipouchapisha mwaka 1934 waliupa kichwa cha Kiingereza kinachotaja wajibu wa mke, na wasomaji wengi hawakutafuta kingine ndani yake. Mwaka 1991 Ann Biersteker alipendekeza usomwe pia kwa jicho la kejeli. Sisi hatuafiki kila hatua yake, ila tunakubali kwamba mama anayemweleza bintiye namna ya kumridhisha mume anamfichulia pia udhaifu wa mume huyo.

Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, hakuhitaji kejeli. Wapinzani walimdhihaki kwa wimbo, wakimkumbusha unyonge wa asili yake na kwamba hana sura. Naye alijibu kwa wimbo, akiitaja akili kuwa ndiyo thamani ya mtu. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na tunapendekeza usomwe darasani sambamba na Mwana Kupona. Wanafunzi wa kike ndio waanze kuuliza maswali. Wa kiume wasubiri kidogo.