Rangi maalumu za ndege za uchukuzi za wanamaji (uigaji wa urubani)

Ni mafaili ya picha yanayovishwa ndege iliyokwisha kuundwa ndani ya programu ya uigaji wa urubani, ili ionekane ya kikosi kingine au ya enzi nyingine. Umbo, injini na mwendo wake hewani havibadiliki. Wachoraji wake wengi ni wapenzi wa ndege wasiolipwa.

Ndege inayofaa sana kwa kazi hii ni Douglas DC-3, iliyokuja na Microsoft Flight Simulator 2004. Jeshi la Wanamaji la Marekani liliiita R4D hadi 1962, majeshi yote yalipoanza kutumia majina ya aina moja. R4D iitwayo Que Sera Sera, namba 12418, ndiyo ndege ya kwanza kutua Ncha ya Kusini, tarehe 31 Oktoba 1956. Sasa imehifadhiwa kwenye makumbusho ya Pensacola, Florida. Anayetaka kuirusha kwenye kompyuta hufuta nembo za shirika la abiria kwenye DC-3 ya programu, kisha huanza kuipaka upya kwa kufuata picha za wakati ule.

Maandishi ndiyo yanayosumbua. Katika ndege nyingi za programu za zamani, ubavu wa kushoto na wa kulia hutumia picha moja. Andika neno NAVY upande mmoja, nalo litasomeka vizuri. Upande wa pili herufi zitatokea kinyumenyume, na hakuna dawa mpaka umbo lenyewe lirekebishwe. Flight Simulator X nayo hutaka mafaili ya picha ya aina ya DDS yahifadhiwe juu chini.

Rangi yenyewe haikisiwi kwa macho. Orodha iliyoanzishwa na serikali ya Marekani huipa kila rangi namba ya tarakimu tano: 16440 na 36440 ni kijivu kilekile, ila tarakimu ya kwanza, 1, ni ya rangi inayong'aa, na 3 ni ya isiyong'aa. Mchoraji makini hulizingatia hilo anapopanga mng'ao wa bati, jambo ambalo wengi hulipuuza.

Uchafu nao ni sehemu ya ukweli. C-2A Greyhound, iliyopeleka barua, vipuri na watu kwenye manowari za kubeba ndege, ilifanya kazi katikati ya chumvi ya bahari, na moshi wa injini uliacha masizi. Ikichorwa safi kama imetoka kiwandani, haishawishi. Fat Albert, C-130J ya kikosi cha maonyesho cha Blue Angels, ni kinyume chake: buluu na njano yake lazima ing'ae.