Yawara!: kitabu cha picha juu ya wasichana wapiganaji wa judo

Yawara! ni manga, maana yake kitabu cha picha cha Wajapani. Naoki Urasawa njo aliyekiandika na kukichora. Kilitoka kipande kwa kipande katika gazeti Big Comic Spirits tangu 1986 hadi 1993, kisha vipande vyote vikakusanywa katika vitabu 29. Kinasimulia habari ya wasichana wanaoshindana katika judo. Kilipoanza kutoka, judo ya wanawake ilikuwa bado haijaingia katika Michezo ya Olimpiki.

Kisa chenyewe

Yawara Inokuma ni msichana wa masomo ya sekondari. Babu yake Jigoro alikuwa bingwa wa Japani mara tano. Tangu mjukuu akiwa mdogo sana, babu anamfundisha judo kila siku, juu anataka alete medali ya dhahabu. Shida ni kwamba Yawara mwenyewe hataki. Anataka kuvaa vizuri, kutembea na marafiki na kupenda kama wasichana wengine. Nguvu yake anaificha. Lakini siku moja anamwangusha mwizi njiani, mwandishi mmoja wa habari za michezo anamwona, na siri inatoka.

Tena kuna kidonda nyumbani. Baba yake, naye mwanajudo, aliacha jamaa kisha kuangushwa chini na binti yake akiwa angali mtoto. Kwa Yawara, judo njo ilimnyanganya baba.

Wapinzani

Sayaka Honami ni mtoto wa tajiri, amezoea kushinda kila mchezo. Anaingia judo kwa sababu moja tu: kumshinda Yawara. Jody Rockwell ni Mkanada, mrefu na mzito, wakati Yawara ni mdogo wa mwili na hafiki hata kilo 48. Kumbe Jody anakuwa rafiki yake mkubwa. Fujiko Ito naye alikuwa mchezaji wa densi. Anaanza judo akiwa amechelewa, lakini hachoki.

Hapo njo uzito wa kitabu. Babu aliweza kumfundisha mjukuu kuangusha watu, lakini hakuweza kumlazimisha apende judo. Wapinzani ndio walioweza. Mbele ya mtu anayepigana kwa roho yote, Yawara anaona haya kupigana nusu nusu.

Maana ya jina

Alama ya maandishi ya Kijapani inayosomwa « yawara » ndiyo ile ile « ju » ya judo: ulaini, upole. Judo ni njia ya upole. Jigoro Kano aliianzisha Tokyo mwaka wa 1882, na babu wa kitabuni amepewa jina lake. Kano aliacha mafundisho mawili: kutumia nguvu vizuri bila kuipoteza, na kusaidiana ili wote wawili wapate faida. Kwa hiyo yule unayepambana naye kwenye tatami siyo adui. Bila yeye hujifunzi kitu.

Wanawake waliingia namna gani

Judo ya wanaume iliingia Olimpiki kule Tokyo mwaka wa 1964. Wanawake waliachwa inje. Mwaka wa 1959, Mmarekani Rena Kanokogi alijifanya mwanaume katika mashindano ya jimbo la New York. Alishinda, lakini walipogundua ni mwanamke, medali ilirudishwa. Hakunyamaza: mwaka wa 1980 alitayarisha mashindano ya kwanza ya dunia ya judo ya wanawake, kule New York. Mwaka wa 1988 kule Seoul wanawake walicheza kama onyesho tu. Barcelona, 1992, wakapata medali za kweli.

Kwenye televizyo ya Japani, filamu ya katuni ya Yawara! ilipita tangu 1989 hadi 1992, vipindi 124, na kila mara watazamaji walihesabiwa siku zilizobaki mbele ya Barcelona. Huko, msichana wa miaka 16, Ryoko Tamura, alipata medali ya fedha katika kilo 48. Wajapani wakamwita « Yawara-chan », Yawara mdogo. Alipata dhahabu mwaka wa 2000 na tena 2004.

Msichana wa Bukavu

Kwetu Kivu kuna kisa ambacho hakikutoka kitabuni. Yolande Mabika alizaliwa Bukavu. Vita vilimtenganisha na wazazi angali mtoto, akapelekwa Kinshasa katika kituo cha watoto wakimbizi. Hapo njo alijifunza judo. Mwaka wa 2013 alienda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, na akabaki Brazili kuomba ukimbizi. Mwaka wa 2016 yeye na Popole Misenga, naye wa Bukavu, walikuwa kati ya watu 10 wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki.

Yawara alikuwa na babu anayemsukuma kila asubuhi. Yolande hakuwa na jamaa ya kumsukuma wala kumngojea. Alishindwa katika pambano la kwanza, kilo 70, mbele ya Linda Bolder wa Israeli. Lakini alikuwa na sababu yake ya kupanda kwenye tatami, na aliieleza mbele ya waandishi wa habari: alitumaini kwamba jamaa yake, popote walipo, watamwona kwenye televizyo.