Naibu Waziri Aliyekulia Kambini

Vijana wanaoleta simu zao kuchajiwa hapa kwangu Base Camp, kambini Nakivale, wana ubishi wao usiokwisha: mkimbizi anaweza kuwa waziri katika nchi iliyompokea? Huwa nawaambia aliwahi kuwapo mmoja, tena alilelewa katika wilaya hii hii ya Isingiro.

Alizaliwa Gitarama, Rwanda, Aprili 1957, akaitwa Emmanuel Gisa. Machafuko ya mwaka 1959 yaliwatoa Watutsi wengi makwao, na mwaka uliofuata familia yake ikavuka mpaka kuingia Uganda, ikaishia kambi ya Nshungerezi. Nakivale nayo ilifunguliwa kwa ajili ya watu hao hao, kabla Uganda haijapata uhuru. Sisi Wakongomani, na Warundi, na Wasomali, tulikuta njia imeshakanyagwa. Sheria ya mwaka 1960 ilimtaka mkimbizi akae pale alipopangiwa. Mtoto mwenye akili alikuwa na shule tu ya kumtoa.

Gisa alimaliza sekondari mwaka 1976, akaenda Tanzania kujiunga na FRONASA ya Yoweri Museveni, kundi lililopigana na Idi Amin. Huko akajiita Fred Rwigyema. Akapitia Msumbiji kwa wapiganaji wa FRELIMO, akarudi na vita vya 1979 vilivyomng'oa Amin. Tarehe 6 Februari 1981, Museveni alipoanza vita dhidi ya Rais Obote kwa kuvamia kambi ya jeshi ya Kabamba na bunduki 27, Rwigyema alikuwamo, pamoja na rafiki yake wa utotoni kutoka Nshungerezi, Paul Kagame. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya amri katika NRA, jeshi la Museveni, hiki hiki tunachonunulia mkaa hapa sokoni.

Lakini aliyemjazia Museveni jeshi, kwa maoni yangu, ni Obote mwenyewe. Oktoba 1982 Wanyarwanda wa wilaya ya Mbarara, wakimbizi na wenyeji bila kuchagua, walifukuzwa majumbani. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Makumi ya maelfu walisukumwa mpaka Rwanda au wakarundikwa Nakivale na Oruchinga. Kijana aliyeona ng'ombe wa baba yake wakiswagwa na jirani hakuhitaji hotuba ya kumpeleka msituni Luweero kwa Museveni.

Kampala ilitekwa Januari 1986. Rwigyema akawa naibu waziri wa ulinzi, na baadaye Meja Jenerali. Hapo vijana wangu hushangilia, nami huwaambia watulie kwanza. Mwaka huo huo Museveni alitangaza kwamba waliokaa Uganda zaidi ya miaka kumi wangepewa uraia, ahadi ikayeyuka. Serikali ya Rais Habyarimana wa Rwanda nayo ikasema nchi imejaa. Ndani ya jeshi manung'uniko yakakua: mgeni atatuamuruje? Mtu ameongoza vita kaskazini kwa ajili ya nchi, ana ofisi wizarani, na bado anahesabiwa mgeni! Mwaka 1989 Rwigyema akaondolewa wizarani. Agosti 1990, wakati wa ugomvi wa ranchi za Mawogola, Wanyarwanda walioitwa wageni wakaambiwa hawana haki ya ardhi.

Tarehe 1 Oktoba 1990, Museveni akiwa New York, Rwigyema aliwaongoza wenzake kuvuka mpaka wa Kagitumba kuingia Rwanda wakiwa na sare na silaha za jeshi la Uganda. Kesho yake alipigwa risasi, akafa akiwa na miaka 33. Masimulizi ya kifo chake yanapingana, nami siyaingilii. Kaburi lake liko Kigali, katika makaburi ya mashujaa.

Wengine husema zamani zile zimepita. Kweli, sheria ya wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi. Mimi mwenyewe naenda Mbarara kununua betri bila kuomba ruhusa kwa kamandanti. Lakini Katiba ya 1995 inataka waziri awe mtu anayestahili kuwa mbunge, na mbunge lazima awe raia. Katiba hiyo hiyo inamnyima uraia wa kuandikishwa aliyezaliwa hapa ikiwa mzazi wake, au hata babu yake, alikuwa mkimbizi. Wengi wa vijana wanaobishana kibandani kwangu wamezaliwa Nakivale.