Mstari Uliokata Jipe

Babu yangu alivua perege Ziwa Jipe kwa migono, na sikumbuki kumsikia akitaja mpaka. Alitaja upepo, alitaja viboko. Nyanya alimwoa Ugweno, ng'ambo ya pili, na mbuzi wa mahari walivushwa kwa mtumbwi, wamefungwa miguu, wakilia njia nzima.

Mstari wenyewe uliwekwa mwaka 1886. Waingereza na Wajerumani walikubaliana utoke mlango wa mto Umba hadi Jipe, uzunguke Kilimanjaro kwa kaskazini, kisha unyooke hadi Ziwa Victoria. Shuleni tuliambiwa Malkia Victoria alimtunukia mjukuu wake mlima huo siku yake ya kuzaliwa. Hadithi tamu, ila ya uongo: mjukuu huyo, Wilhelm, alitawazwa mwaka 1888. Wajerumani waliutaka mlima, Waingereza wakaitaka Mombasa, basi. Nani angeuliza maji yanaelekea wapi?

Mto Lumi huanzia miteremko ya Kilimanjaro, ukaingia Kenya, ukapita Taveta na kumwaga Jipe. Kutoka ziwani maji hushika mto Ruvu, yakarudi Tanzania hadi Bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Pangani na baharini. Udongo wa mashamba, ya huko na ya huku, unaishia katika ziwa lisilofika kina cha mita 3. Hapo ndipo matete yalipopata kwao. Njia ambayo babu aliipita kwa kafi, mimi niliipita kwa upondo, nikisukuma na kutukana, nikarudi na perege wanne.

Nakiri, mpaka haukuleta udongo. Ila ukiomba matete yang'olewe unaulizwa: ya upande gani? Yakifyekwa ya Kenya, ya Tanzania yanajaza pengo. Yanajua kusoma ramani kuliko sisi.

Mara moja tu yalitufaa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ulifungwa, ukafunguliwa 1983. Katikati ya miaka hiyo nyanya alifiwa na dada yake. Alivuka usiku akazike, mtumbwi ukipenya matete taratibu, maana hata askari mwenye tochi asingemwona humo.

Wakubwa wa nchi hizi mbili wakitaka kuzungumzia Jipe tena, wasikutane hotelini. Waje huku, wapande mtumbwi mmoja. Upondo nitawaletea.