Wakati wa kuondoa kalibu za zege

KATIKA vilima vya Magwagwa, Kaunti ya Nyamira, kila mfyatuaji matofali anajua kwamba kalibu huinuliwa tofali likiwa bado bichi. Umbo halipotei, kwa kuwa udongo umelala chini na haubebi chochote. Kanuni hiyo haifai kwa zege. Slebu ya ghorofa imening’inia hewani, na kabla haijapata nguvu, uzito wake wote umo juu ya mbao na miti ya mikaratusi iliyosimamishwa chini yake.

Wengi hudhani zege hukauka kama nguo kambani. La hasha! Hukomaa kwa saruji kuungana na maji, ndiyo maana hunyweshwa kwa siku saba au zaidi. Baada ya siku 7, zege ya saruji ya kawaida huwa na takriban thuluthi mbili ya nguvu inayopimwa siku ya 28.

Mwongozo wa Uingereza uitwao BS 8110, ambao wahandisi wa Kenya waliutegemea kwa miaka mingi, ulitofautisha sehemu za jengo. Zege ikiwa na nyuzijoto 16 au zaidi, mbao za ubavuni mwa nguzo na kuta zaweza kuondolewa baada ya saa 12. Mbao za chini ya slebu husubiri siku 4, lakini miti inayoiegemeza haiguswi hadi siku 10 zitimie. Ile ya boriti, siku 14. Joto likishuka hadi nyuzi 7, miti ya slebu hukaa siku 15 na ya boriti 21. Basi anayejenga katika baridi ya nyanda za juu za Gusii asiazime hesabu ya fundi wa Kisumu. Aidha, saruji ya 32.5 yenye pozolana, ambayo wengi huinunua kwa unafuu wake, hukomaa polepole zaidi.

Kinachowaponza wengi ni gharama. Mbao hukodishwa kwa siku, na mwenye jengo huona kila siku ya kungoja kuwa hasara. Machi 2, 1973, wafanyakazi 14 walikufa katika jimbo la Virginia, Marekani, jengo la Skyline Plaza lilipoporomoka likijengwa. Wachunguzi walibaini kwamba miti ya kuegemeza kati ya ghorofa ya 22 na ya 23 iliondolewa mapema, zege ikiwa bado changa.

Njia ya hakika ni kupima vipande vya zege iliyomwagwa siku ileile, kisha mhandisi aamue. Hata muda ukitimia, miti haing’olewi ovyo. Slebu iliyoshikwa pande zote huanzwa katikati, kuelekea kingo. Roshani inayochomoza nje huanzwa nchani, kuelekea ukutani. Ufa ukitokea au slebu ikibonyea, kazi isimamishwe, watu watoke chini yake, na mhandisi aitwe kabla ya mti mwingine kuguswa.