Mandhari na Aliyebaki Pichani

Jumapili iliyopita nilipanda daraja la wapita kwa miguu pale Kangemi, juu ya Waiyaki Way. Nikamkuta kijana ameweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, ameielekeza Westlands kwenye majumba marefu. Hakuwa akipiga.

"Nangoja watu wapungue, mzee. Wananiharibia mandhari."

Neno hilo lilinikwama. Mandhari tulilitoa katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kutazama. Nadhari na nadharia ni ndugu zake. Kwa hivyo mandhari si milima na majumba yenyewe, bali ni milima na majumba machoni pa mtu. Pasipo mtazamaji kuna nchi tu. Picha nayo ni neno la juzi, tulilopata kwa Waingereza. Kabla yake wazee wa pwani walisema sanamu, yaani mfano wa kitu, uwe umechongwa au umechorwa. Kamera ilipokuja tulikopa jina, ila kitenzi tukatoa chetu: tukapiga picha, kama tupigavyo pasi na chapa.

Historia ya sanaa hii ina kisa kinachomhusu kijana wangu. Mnamo 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya Boulevard du Temple, barabara ya Paris iliyojaa watu na farasi. Kamera yake ilihitaji dakika kadhaa kunasa mwanga, basi kila kilichosogea hakikuacha alama. Alibaki mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu, na leo hutajwa miongoni mwa binadamu wa kwanza kuonekana pichani. Daguerre hakumfukuza mtu barabarani. Kemikali zake ndizo zilizokuwa nzito. Sisi tunafuta watu kwa hiari.

Na kuonekana kuna faida. Mwaka 2020, barabara ya Nairobi Expressway ikijengwa, mugumo mkongwe kando ya Waiyaki Way ulikuwa ung'olewe. Watu wakapaza sauti, picha zake zikasambaa, Rais Uhuru Kenyatta akaamuru ubaki. Magari yalipoanza kupita mwaka 2022, mti ulikuwa ungali umesimama.

Mama aliyenichomea mahindi miaka mingi kando ya barabara hiyo hiyo hakupaziwa sauti na mtu. Siku moja nilipita nikakuta kibanda hakipo. Nilipekua simu yangu nimtafute: nina machweo ya Kangemi, nina mawingu juu ya Ngong, nina magorofa ya kila aina. Yeye sina. Kumbe hata mimi nilikuwa nikingoja watu wapungue.

Sisemi mpigapicha asipende utulivu. Mutua Matheka, aliyesomea usanifu wa majengo, ametufunza kuitazama Nairobi kwa jicho la sanaa, si la foleni na taka tu. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini picha ya leo ni ushahidi wa kesho, na asiyekuwemo atadhaniwa hakuwahi kuwepo.

Nikamwambia kijana, "Piga kwanza na watu, halafu ungoje."

Akacheka. "Haya basi mzee, simama hapo. Usitikisike."

Nikasimama tuli, kama yule wa Paris.