Bajeti ya Chakula cha Familia Matembezini (Mafiga, Morogoro)

Bajeti ya chakula cha familia matembezini ni hesabu ya vyakula na fedha ambayo kaya huipanga kabla ya kutoka kwenda mahali pa burudani penye kiingilio: hifadhi ya wanyama, viwanja vya maonyesho au bustani ya michezo ya maji. Makala hii inaeleza desturi hiyo kwa familia za Mafiga, kata ya Manispaa ya Morogoro. Familia hizo hufuata burudani za namna hiyo pande tatu: viwanja vya maonyesho ya wakulima ya Nane Nane vilivyo mjini humo humo, Hifadhi ya Taifa ya Mikumi upande wa kusini magharibi, na Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 190 kwa barabara upande wa mashariki.

Nauli na kiingilio bei zake zimeshapangwa, na hulipwa kwa kichwa. Chakula ndicho fungu pekee ambalo mama wa nyumba anaweza kulipunguza bila kumwacha mtoto nyumbani, na kwa hiyo sehemu kubwa ya bajeti hii huamuliwa sokoni na jikoni siku moja kabla ya safari.

Soko na msimu

Mafiga ipo chini ya Milima ya Uluguru, na hiyo ni neema kubwa kwa mpishi. Karoti, kabichi, njegere na viazi mviringo hushuka kutoka Mgeta. Ndizi na viungo vya pilau, yaani mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga, hutoka Kinole na Matombo. Mchele ni wa Kilombero au Dakawa, sukari ni ya Mtibwa au Kilombero. Bidhaa hizi hukutana katika Soko Kuu la Chifu Kingalu na Soko la Mawenzi, kisha husambaa hadi magenge ya mitaani. Mwenye familia kubwa hupata nafuu akienda sokoni mwenyewe, kwani fungu la nyanya likifika gengeni huwa limepungua nyanya moja au mbili ili mwenye genge naye apate chochote.

Msimu una uzito kuliko watu wengi wanavyoukadiria. Maonyesho ya Nane Nane huangukia mwanzoni mwa Agosti, baada ya mavuno ya masika, wakati mpunga na mahindi mapya yameshaingia sokoni na machungwa ni mengi. Pilau ya kubeba hupikwa kwa gharama ndogo majira hayo. Likizo ya Desemba ni kinyume chake. Nafaka huwa zimepanda bei kwa kuwa ghala nyingi zinaelekea kuisha, sikukuu nazo huongeza wanunuzi wa kuku na mafuta ya kupikia. Maembe ndiyo huokoa jahazi mwezi huo. Familia inayobeba maembe badala ya biskuti hupata kitu kitamu, chenye maji, kisichohitaji kuwekwa kwenye barafu, kwa sehemu ndogo tu ya fedha.

Hesabu ya nyumbani

Kanuni ya kwanza ya bajeti hii haiandikwi popote, ingawa kila mwenye kushika hela ya matumizi anaijua: siku ya matembezi familia ingekula hata kama isingetoka. Gharama halisi ya chakula cha matembezi ni ile nyongeza juu ya matumizi ya kawaida. Kaya ikibeba chai ya nyumbani kwenye chupa, chapati na mayai, nyongeza huwa ndogo. Ikinywa chai stendi, ikala mchana getini na kununua soda njiani, siku hiyo moja inaweza kumeza matumizi ya siku kadhaa.

Fedha za nyongeza hukusanywa taratibu, kwa kibubu, kwa mchezo wa kupokezana au kwa gawio la kikoba linalotoka mwisho wa mwaka. Kinachowahi kununuliwa ni vitu visivyoharibika, yaani unga wa ngano, mafuta, karanga na sukari. Nyama na mboga hungoja siku ya mwisho.

Vipimo vya jikoni hurahisisha hesabu. Kilo moja ya unga wa ngano hutoa chapati 10 hadi 12 za ukubwa wa kawaida. Kwa hiyo familia ya watu sita, tuseme baba, mama, bibi na watoto watatu, hutosheka kwa kilo moja na nusu, kila mtu akipata chapati mbili na akiba ikibaki ya kurudia njiani. Mayai 12 ya kuchemsha, chini ya nusu ya trei ya mayai 30, yanampa kila mmoja mawili. Kuku mmoja wa kukaanga hukatwa vipande vinavyohesabika, tena hugawiwa na mtu mmoja. Viazi vitamu na mihogo ya kuchemsha hushibisha watoto wanaodai kula kila baada ya saa moja, na karanga za kukaanga humalizia kazi hiyo.

Vinywaji ndivyo vinavyovuruga bajeti nyingi. Mtoto anayecheza juani huomba kitu baridi mara kwa mara, na kila soda inayonunuliwa kwa mmoja hununuliwa kwa wote. Dawa iliyozoeleka ni kuchemsha maji, kuyajaza kwenye chupa na kuzigandisha baadhi usiku mzima. Zinapoyeyuka hutoa maji ya baridi hadi mchana, na papo hapo hupooza vyakula vilivyo jirani yake ndani ya kapu. Mafiga yenyewe ndiko uliko mtambo wa kutibu maji ya Bwawa la Mindu, lakini hata maji ya bomba kaya makini huyachemsha kabla ya safari ya watoto. Juisi ya ukwaju au ubuyu hubebwa nzito, ikazimuliwa huko huko.

Vyombo na usalama wa chakula

Hotpoti, chupa ya chai, ndoo yenye mfuniko na kapu la ukindu ndivyo vyombo vikuu. Mkeka au khanga mbili za kukalia huongezwa juu. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania, hivyo waliozoea kufungasha kwenye mifuko ya rambo walirudi kwenye makapu na mifuko mbadala. Kapu hudumu miaka, na ni moja ya matumizi ya busara kabisa katika bajeti hii.

Joto la Morogoro halina huruma kwa chakula kilichopikwa. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichoiva kisiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kinachotunzwa cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi. Wali wa nazi huchacha upesi, ndiyo maana wapishi wazoefu hubeba pilau au chapati. Kachumbari haikatwi nyumbani. Nyanya, vitunguu na ndimu husafiri vikiwa vizima pamoja na kisu. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kufika Morogoro pia uliwafanya wazazi wengi waangalie upya vyakula vya wazi vya barabarani, hasa matunda yaliyomenywa na juisi za kwenye ndoo.

Viwanja vya Nane Nane

Sikukuu ya wakulima huadhimishwa tarehe 8 Agosti. Morogoro ni mwenyeji wa maonyesho ya Kanda ya Mashariki, inayojumuisha mikoa ya Morogoro, Pwani, Dar es Salaam na Tanga, katika viwanja vya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kwenye barabara ya Dar es Salaam. Kwa mtoto wa Mafiga haya ndiyo matembezi makubwa ya karibu kuliko yote: daladala, mifugo ya kutazama, bembea, mabanda ya taasisi na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilicho mjini humo humo.

Kwa kuwa ni karibu, bajeti hubeba mlo mmoja tu. Familia hunywa chai nzito nyumbani asubuhi, hula mchana viwanjani na kurudi kula usiku kwao. Wanaobeba hukaa chini ya mti. Wanaonunua huenda kwa mama lishe, ambako sahani ya wali kuku huweza kugawanywa kwa watoto wawili wadogo bila mtu kukunja uso. Siku ya kilele foleni huwa ndefu na chakula huwahi kwisha, kwa hiyo kwenda siku ya kati ya wiki hupunguza gharama na usumbufu pia.

Fungu lisilopaswa kusahaulika ni la vitu vidogo, yaani aiskrimu, bisi, miwa na maputo. Familia nyingi humpa kila mtoto kiasi chake mkononi asubuhi na kumwachia achague. Utaratibu huo ni mzuri sana, kwani hukomesha madai ya kila banda na kumzoesha mtoto kupanga.

Hifadhi ya Mikumi

Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 na ina eneo la kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia huikatiza katikati, hivyo abiria wa basi huona twiga, pundamilia, swala na mara nyingine tembo bila kulipa chochote. Kuingia ndani ni jambo jingine: panahitajika gari, na ndilo linalogharimu zaidi. Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki hulipwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo ya kile anachotozwa mgeni wa nje; watoto walio chini ya miaka mitano huingia bure. Familia mbili au tatu za mtaa mmoja, au jumuiya ya kanisa au madrasa, hukodi kosta pamoja na kuchangia chakula.

Mchango huo hugawanywa kwa vyungu badala ya fedha. Kaya moja hupika pilau, nyingine chapati, ya tatu huleta matunda na maji. Gari huondoka alfajiri kwa kuwa lango la hifadhi lipo kiasi cha kilomita 100 kutoka mjini na wanyama huonekana vizuri asubuhi. Chai hunywewa njiani gari linaposimama kuchimba dawa. Mlo wa mchana huliwa sehemu zilizoruhusiwa kushukia, maarufu ikiwa ni bwawa la viboko lililo mwendo mfupi kutoka langoni. Kulisha wanyama na kutupa mabaki ni marufuku. Nyani wa Mikumi wanalijua kapu la chakula kuliko mwenye kapu anavyodhani, kwa hiyo vyombo hufunguliwa kimoja kimoja na hotpoti haiachwi peke yake.

Hoteli na migahawa ya ndani ya hifadhi imelenga watalii. Anayekosa kubeba chakula hutafuta wali au chipsi katika mji mdogo wa Mikumi, mbele ya hifadhi.

Dar es Salaam na bustani za maji

Bustani ya maji ya Kunduchi, Kunduchi Wet 'n' Wild, na Fun City ya Kigamboni ndizo zinazofanana zaidi na bustani za burudani za nchi nyingine. Hapa bajeti ya Mafiga hukutana na kikwazo chake kikubwa. Biashara ya bustani za aina hii hutegemea sana mauzo ya vyakula, na kwa kawaida chakula cha kutoka nje hakikaribishwi. Wazazi wenye uzoefu hupiga simu kuuliza masharti kabla ya kukaanga chochote. Jibu likiwa hapana, familia hula mlo mzito kabla ya kuingia, hununua mlo mmoja wa kugawana ndani, kisha hufungua kapu baada ya kutoka.

Treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, kwa nauli ya shilingi 13,000 ya daraja la kawaida. Watoto wa umri wa miaka 4 hadi 12 walipangiwa nusu nauli na walio chini ya hapo bure. Safari ya chini ya saa mbili imefuta mlo mzima kwenye hesabu. Zamani, kwa basi, familia ilijikuta ikinunua mishikaki Chalinze. Kwa reli ya kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907, abiria walinunua ndizi na mahindi kupitia madirishani kila stesheni. Sasa inawezekana kunywa chai Mafiga na kuwahi mchana Dar es Salaam.

Wengi hawalali hotelini. Hufikia kwa shangazi, mjomba au kaka, na hapo bajeti hupata fungu jipya: zawadi ya wenyeji. Mkungu wa ndizi, kilo kadhaa za mchele wa Kilombero na mboga za Mgeta huenda mbele ya wageni. Fungu hili halipunguzwi hata fedha zikiwa chache, na haki yake ni hiyo, kwani shangazi ndiye atakayepika chakula cha usiku na cha asubuhi kwa watu wote hao.

Idi na Krismasi

Matembezi ya sikukuu mara nyingi huishia Rock Garden, chini ya Milima ya Uluguru. Chakula huwa ni mabaki ya pilau ya sikukuu.

Nchi nyingine

Masharti ya chakula hutofautiana. Walt Disney World ya Florida, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1971, huruhusu wageni kuingia na chakula chao mradi hakihitaji kupashwa moto na hakipo kwenye chupa za kioo. Tokyo Disneyland ya Japani, iliyofunguliwa mwaka 1983, hairuhusu, lakini imetenga sehemu ya kulia nje ya geti kwa waliofungasha. Mpango huo wa Japani ungezifaa sana bustani za Afrika Mashariki. Kenya ilipiga marufuku plastiki za kutumika mara moja katika hifadhi, fukwe na misitu yake kuanzia tarehe 5 Juni 2020, hivyo familia inayovuka mpaka hubeba maji kwenye chupa za kudumu.

Hali ya sasa

Desturi ya kubeba chakula ingali hai Mafiga. Vijana wenye kipato hununua zaidi chipsi kuku huko huko waendako. Maonyesho ya Nane Nane ya Kanda ya Mashariki hufanyika kila mwaka kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti.